Naomba ushauri: meno ya kahawia ya maji ya Arusha, nianze na waya wa kunyoosha meno au kutibu rangi?

Wakuu, nimekulia Usa River, na kama wengi wa chini ya Mlima Meru, meno yangu yana madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji. Si uchafu; kasoro iliingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Kwa hiyo msinitajie ndimu wala mkaa, vinakula jino tu. Daktari mmoja anataka kuyang'arisha kwa dawa. Mwingine anasema kwa madoa mazito haitoshi, bora kuvalisha maganda ya kauri, ila jino litachongwa na likishachongwa halirudi. Tena ya mbele yamepandana, nataka na waya. Kipi kitangulie? Mliong'arisha madoa ya namna hii, rangi ilidumu? Na ganzi ya meno ukinywa maji baridi baada ya kung'arisha, iliisha?