Slabu yangu imepakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili na mabeseni bado yako sebuleni

Wakuu, leo salamu mtanisamehe. Ni saa nane usiku, nimekaa sebuleni kwangu Goba nasikiliza matone: ndoo ya deki, beseni la kuogeshea mtoto, na sufuria la pilau ambalo mke wangu aliapa halitafanya kazi hii tena. Jipsamu ya koridoni imevimba kama andazi, ina doa la rangi ya chai, na ile taa ya katikati imejaa maji kama kikombe. Nimezima swichi kuu, natumia tochi ya simu.

Nyumba ni ya slabu, paa bapa, zile mnazoziona pichani mkasema jamaa katoka kimaisha. Masika ya kwanza tu ikavuja. Fundi aliyemwaga zege akaja, akaangalia juu, akaniambia, "Zege jipya linatoa jasho, bosi, litakauka." Jasho! Mpaka kwenye soketi?

Vuli nikaleta mwingine. Dawa nyeusi ndoo mbili, laki sita na nusu pamoja na ufundi. Akapaka asubuhi baada ya mvua, zege bichi, hata vumbi hakufagia. Jua la Januari lilipowaka ikaota malengelenge, ukiyakanyaga yanapasuka kama papadi. Wa tatu akapaka juu ya hayo hayo malengelenge, laki nne. Huyo simu haipatikani. Ya yule wa jasho inaita tu.

Jumamosi nikapanda mwenyewe na pimamaji. Wakuu, slabu haina mteremko kabisa, na upande wa chumba cha watoto imebonyea, maji yanafika kwenye kifundo. Paa bapa si meza! Linatakiwa lishuke walau sentimita moja na robo kila mita kuelekea kwenye bomba. Na bomba lenyewe ni moja, la inchi mbili, kwa paa zima, tena mdomo wake umeinuka juu ya zege vidole viwili. Yaani maji yajae kwanza vidole viwili ndipo yapewe ruhusa ya kutoka. Humo nimetoa majani ya mwembe wa jirani na kandambili ya mtoto, na viluwiluwi vya mbu vinaogelea kwa raha zao. Kwenye kona, pale ukuta wa pembeni unapokutana na slabu, kuna ufa unaopitisha kisu cha mezani. Dawa imeishia chini ya ufa, haikupandishwa ukutani hata kidole, wakati ilitakiwa ipande kama sentimita kumi na tano.

Watu watatu wamesimama juu ya paa hilo na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yanaelekea wapi. Na kulijaribu ni bure: ziba bomba, jaza maji sentimita chache, yaache siku moja au mbili, kaa chini utazame dari.

Najua mtasema niweke bati. Mke wangu ananiambia kila asubuhi. Baba mkwe, mtu wa Unguja, ananicheka kabisa, maana Mji Mkongwe zile dari bapa za chokaa juu ya boriti nyingi zilikuja kuvikwa bati kwa shida hii hii. Sawa, nimekubali nimechekwa. Ila hela ya kenchi na bati sasa hivi sina.

Ninachotaka: kung'oa hiyo dawa yote, kumwaga mteremko, mabomba mawili ya inchi nne, kuziba kona, halafu ile lami ya karatasi inayochomwa kwa gesi. Mwenye fundi ambaye kazi yake imekaa masika mawili bila kuvuja aweke picha hapa. Nusu ya ufundi nalipa maji yakishalala juu siku mbili dari ikiwa kavu. Asiyetaka sharti hilo asinitafute.

Ngoja nikamwage beseni.