Naomba ushauri: siku 7 Réunion, hoteli ya kifahari na ziara ya volkano

Wakuu, napanga safari ya watu wazima 2, mwezi wa 9, kwenda Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Hoteli nataka upande wa magharibi, L'Ermitage, ambako miamba ya matumbawe hutuliza maji. Nje ya hapo kuogelea kuna masharti makali kwa sababu ya papa. Helikopta juu ya Mafate, bonde lililozungukwa na milima, iwe asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika milima.

Kinachonisumbua hasa ni volkano ya Piton de la Fournaise, mita 2,632. Dalili za mlipuko zikianza, Enclos, yaani bonde la kreta linalozunguka kilele, hufungwa mara moja. Je, waongozaji hurudisha pesa au hubadilisha njia? Ziara hiyo niiweke siku ya 2 ili nibaki na siku za akiba?

Na viza: Réunion haimo kwenye Schengen, eneo la viza moja la nchi za Ulaya. Nilipie hoteli kabla au baada ya kuipata?