Kupanda miti ya kuni za boila kwenye eka tatu huku Pemba, ntapata soko?

MtuWaKonde
Asalaam aleikum jamani. Mie niko Konde, tuna eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, bondeni mna mikarafuu na migomba ila upande wa juu ni mawe na vichaka tu, hata muhogo hautoki. Nna ndugu yangu yuko Mufindi kwenye kiwanda cha chai, aniambia kule mikaratusi inapandwa makusudi kwa kuni za boila, lile tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke. Nkawaza, na sie huku twavukiza mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, matanuri ya mikate yanachoma kuni kutwa, na nikipita njia ya Ngezi nikaona watu na matita kichwani naumia roho maana msitu mkubwa tuliobaki nao ndio huo. Nikipanda mikaratusi huko juu ntauza? Kisima chetu kiko kama hatua 60 chini yake.

FundiBoila
Wa aleikum salaam yakhe. Nimelisha boila ya kiwanda cha chai Njombe miaka 9 kabla sijarudi Wete. Mvuke ndio unaopasha hewa ya kunyaushia majani na ndio unaokausha chai mwisho, na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi ndio zitoe kilo moja ya chai, kinachobaki chote ni maji ya kufukuza kwa moto. Sasa kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake nayo ni maji, moto unahangaika na kuni kwanza. Siku moja tuliletewa mzigo umerowa, mshale wa presha ukashuka, tukatia magogo mpaka mlango haufungi, chai ishageuka rangi ya shaba inangoja kukaushwa na inazidi kuchacha, ikaharibika ya usiku mzima. Niliwahurumia sana wale wakulima. Kwa hiyo jenga banda mapema, kata, pasua, panga penye upepo miezi kadhaa. Zikikauka vichwa vya magogo vinapasuka na ukigonganisha mawili yanalia ka ka, mabichi yanasema bu.

Bi_Mtambile
Mwanangu wa Konde, mkaratusi usiuweke juu ya kisima nakuomba. Kaka yangu alipanda safu mbili tu, mwaka wa sita kamba ya ndoo tukaiongeza pima nzima. Panda mkeshia, huo unakubali ardhi mbovu na unairutubisha. Mbegu zake ngumu, zimwagie maji ya moto yaliyochemka uziache mpaka kesho yake ndio uzitie kwenye vifuko. Nafasi mita 2 na nusu kila upande, eka moja inaingia miche kama 640, na miaka 5 mpaka 7 unaanza kukata. Ila mkaratusi ukikatwa unachipua vizuri, mkeshia ukiukata chini kabisa unaweza kufa, uache kisiki kirefu. Mvinje nao ukishakata hesabu umepanda upya. Na hiyo mikarafuu ya babu usiiguse.

Kijana_Ole
Kaka, kabla hujatafuta miche nenda kiwanda cha makonyo pale Wawi na kwenye hayo matanuri uwaulize wananunua kuni gani, kwa gari au kwa mita za ujazo, na gogo wanalitaka la urefu gani, maana mti wa miaka 6 huwezi kuurudisha dukani. Halafu pita kwa sheha na kwa watu wa misitu uulize kibali cha kukata na kusafirisha, shamba lako lijulikane tangu miche midogo, isije siku unapakia ukaambiwa umetoa Ngezi.

MtuWaKonde
Allah awalipe kheri wote. Mkaratusi nimeuacha, maji ya kisima ndio wanaokunywa wanangu. Naanza na eka moja ya mkeshia na banda, Wawi ntakwenda Jumatatu. Bi Mtambile, mbegu huko kwenu zipo?

Bi_Mtambile
Zipo tele mwanangu, mbele ya skuli, njoo na kifuko. Okota zile zinazoning'inia kwa kijiuzi cha rangi ya chungwa, ndio zimekomaa.