Wi-Fi imejaa mistari lakini mgeni hapati kitu: nipimeje kutokea kwenye akses pointi?

Bandarini: Wakuu, salaam. Nasimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa tatu. Akses pointi, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ipo ukumbini ghorofa ya kati. Mgeni wa chumba namba 7 anaona mistari mitatu kwenye simu, lakini akipiga simu ya video inakatikakatika. Juzi mmoja usaili wake wa kazi umekatika katikati, imeniuma sana. Mafundi wa intaneti wamekuja mara mbili, wanapima spidi palepale chini ya akses pointi, wanasema iko sawa, wanaondoka. Nimepandisha nguvu ya kurusha mpaka mwisho, hali ileile. Naombeni namna ya kupima upande wa akses pointi yenyewe.

Fundi Waya: Mkuu, kwanza ujue tatizo ni laini ya intaneti inayoingia au ni mawimbi ya Wi-Fi humo ndani. Nenda namba 7 na laptop, piga ping (pakiti ndogo za majaribio zinazotumwa na kusubiri jibu) kwenye anwani ya ruta yako, usiipige nje kwenye intaneti. Kwa Windows andika ping -n 100 kisha anwani, maana ukiiacha hivihivi inatuma pakiti 4 tu, na hizo hazitoshi kujua chochote. Majibu yarudi ndani ya milisekunde chache bila kupotea hata moja. Yakiruka kutoka 3 hadi 400, usigombane na kampuni, shida iko humo ndani.

MamaSeva: Ni kweli, ila alichouliza ni upande wa pili. Ndugu, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya akses pointi, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, usome nguvu ya mawimbi ya kila kimoja. Namba ni hasi, na kadiri inavyosogea sifuri ndivyo ilivyo nzuri. -60 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) safi. -67 ndipo wengi tunapoweka mpaka wa simu za video. Kwenye -80 mtu anateseka. Namba hiyo inakwambia akses pointi inaisikiaje simu, wakati ile mistari anayoiona mgeni inaonyesha simu inavyoisikia akses pointi. Redio ya simu ni dhaifu. Ulipopandisha nguvu ulimpa mmoja kipaza sauti, mwenzake bado ananong'ona.

Bandarini: Subhanallah! Nipo namba 7 sasa hivi. Simu inasoma -66, akses pointi inaisoma simu -81. Ping 100 kutoka kwenye laptop, zimepotea 14. Lakini nikipiga ping kutoka akses pointi kwenda kwenye simu, namba zinarukaruka hata nikisimama chini yake. Imeharibika?

MamaSeva: Haijaharibika. Simu hulaza redio yake kuokoa betri, na akses pointi inazishika pakiti mpaka iamke. Pima kwa laptop iliyo kwenye chaji. Kisha tumia iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili: laptop moja uiunge ruta kwa waya, uandike iperf3 -s, ya pili iwe chumbani, iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza. Hapo unapima data inayotoka chumbani. Rudia ukiongeza -R upate inayoingia. Naamini inayotoka ndiyo itakayokuwa mbovu.

Fundi Waya: Na kuta za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno. Wi-Fi ya 5 GHz, ile ya masafa ya juu, haifiki mbali. Usinunue kirudisha mawimbi, nacho kitasikia vibaya vilevile. Vuta waya, funga akses pointi ya pili karibu na namba 7, zote mbili uzishushe nguvu. Kwenye 2.4 GHz moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, upana 20 MHz.

Bandarini: Mrejesho, wakuu. iperf3 ilitoa 31 Mbps kuingia, 2 kutoka, kama alivyosema MamaSeva. Nimeazima akses pointi, waya nimeupitisha kwenye ngazi bila kutoboa ukuta. Namba 7 sasa inasomeka -58, ping 100 zote zimerudi. Mgeni aliyepo ameongea na mamake dakika arubaini. Kesho napima vyumba vya juu.