Nataka kurudi kulenga shabaha, mke hataki hata kusikia

Baba Zawadi (Leicester)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Mimi mtu wa Iringa, niko Uingereza tangu 2010. Wiki ya kwanza chuoni vyama vya wanafunzi walikuwa wamepanga meza ukumbini, kila meza inaita watu wake. Nilikwenda kuulizia mpira, nikatoka nimejiandikisha chama cha bunduki. Sababu yenyewe ni baridi. Wenzetu wa mpira walikuwa wanachezea kwenye tope, hawa wa bunduki walikuwa na renji (mahali pa kulengea shabaha) ya ndani yenye hita. Nikakaa humo miaka saba.

Kwa asiyejua, haya si mambo ya sinema. Unalala kifudifudi kwenye mkeka. Koti gumu la turubai na ngozi, mkanda umekaza mkono wa kushoto mpaka vidole vinakufa ganzi, bunduki ndogo ya .22, na yadi 25 mbele yako kadi yenye vidoti vyeusi kumi. Kila kidoti risasi moja, ukiweka katikati ni pointi kumi, kadi nzima ni 100. Mkanda ukikaa sawasawa unayaona mapigo ya moyo wako mwenyewe: ile pete ya kulengea mbele ya mtutu inaruka kidogo, du, du, na kazi yako ni kuvuta triga kati ya du moja na nyingine. Dakika ishirini nzima hujamuwaza bosi, hujawaza kodi ya nyumba, hujawaza nani kakutumia meseji ya "kaka nimekwama". Kipindi changu kizuri nilikuwa napiga 97, 98. Mia sijawahi. 99 mara moja tu, na kadi hiyo ninayo hadi leo, iko ndani ya Biblia kwenye Zaburi.

Sasa mama Zawadi. Yeye ni mtu wa Bukavu, Kongo. Juni 2004 mji ulipoingiliwa na askari waasi alikuwa na miaka kumi. Walilala chini ya kitanda, ndugu wanne na bibi yao, siku kadhaa. Hayo alinisimulia kabla hatujaoana, mara moja, hakurudia. Tulipooana 2017 nikaacha mwenyewe bila kuambiwa. Nikamuuzia bunduki mwanachama mwenzangu, cheti nikakirudisha polisi, koti nikalitupa juu darini.

Januari mwaka huu mzee mmoja wa klabu akanipigia: timu yao ya ligi ya posta imepungukiwa mtu. (Ligi ya posta ni kila klabu inapiga kwake, kadi zinatumwa kwa msahihishaji. Hamkutani na wapinzani wenu kabisa. Mchezo wa watu wapole huo.) Nikaenda Alhamisi moja kusalimia tu. Nikaenda ya pili. Nikaendelea (nyumbani nilisema naenda gym, hiyo mada ya siku nyingine). Wiki iliyopita mke anatoa nguo kwenye mashine, kitu kikadondoka kwenye sakafu ya jikoni, ting. Ganda la risasi. Haya ya .22 ni madogo, kama kipande cha kalamu, yanaruka moto yanaingia popote. Hili nadhani liliingia kwenye kofia ya sweta langu. Akaliokota, akaliweka pembeni ya sahani yangu ya ugali kama vile anaongeza mboga. Akasema, "Hii kitu haingie mu nyumba yangu." Basi. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto na ya bili.

Sitaki kumshinda mke wangu. Ila na mimi nimegundua kitu hicho nilikuwa nimekimisi vibaya. Aliyepitia, alizungumzaje na mwenzake?

Kuruta wa Zamani (Morogoro)

Mkuu, yadi 25 umelala kwenye mkeka na hita ubavuni? Hiyo siyo shabaha, hiyo ni siesta. Mimi JKT Mafinga 1989, tulipelekwa renji alfajiri, umande umelowesha mpaka chupi, unapewa risasi zako kumi, bega linauma siku tatu. Zangu kumi zote hazikuonekana kwenye ubao. Afande akasema adui yangu atakufa kwa kicheko.

Kwa shemeji: wewe ndiye baba mwenye nyumba. Mwambie Alhamisi ni siku yako, kwisha habari.

Wa Kiambu (Nairobi)

Usimsikize huyo mzee. Mimi wangu alikuwa anapinga kabisa, hata picha ya bunduki kwa simu hataki. Jumamosi moja nikampeleka renji ya Kirigiti, nikamwambia tukule nyama choma baadaye. Mwalimu akamwekea vikinga masikio, akamshikisha vizuri, akamwambia apige moja tu. Akapiga ishirini. Kwa karatasi zake zote zilikuwa ndani, mimi zangu mbili zilienda kulisha ng'ombe za jirani. Siku hizi ni yeye ananiamsha. Mpeleke tu, uoga ni kutojua.

Mama Furaha (Bukavu, sasa Ubelgiji)

Jambo Baba Zawadi. Kiswahili yangu ni ya kwetu, mutanisamehe.

Usimupeleke. Ndugu wa Kiambu, bibi yako hakujua, ndiyo maana akajifunza. Huyu anajua. 2004 mimi nilikuwa na miaka kumi na ine, tulikuwa Kadutu. Watu banafikiri tunaogopa kelele. Kelele ya masasi inazoeleka, hata watoto wadogo tulikuwa tunajua kusema hii iko mbali, hii iko karibu, endelea kula. Kitu yenye inanitesa mpaka leo ni kale kasauti ka chuma mbele ya kupiga, kacha. Kwa sababu kale tulikasikia ku mulango. Hapa siku moja fundi wa maji alifungua sanduku yake ya vyombo, nikajikuta niko mu chumba cha kuoga, mutoto mu mikono, sijui nilifika namna gani.

Lakini hiyo ni yangu. Ya bibi yako siijui, na wewe pia hauijui. Umeandika mukanda, umeandika pete, du du, lakini yenye yeye alisikia chini ya kitanda haukuandika. Umuulize. Halafu unyamaze.

Shangazi wa Glasgow

Baba Zawadi, kesi yako umeificha kwenye mabano. Tutairudia.

Kwanza sheria, maana hapa shemeji yangu ana nguvu kuliko unavyodhani. Huko kwenu England huhitaji bunduki nyumbani hata kidogo. Klabu iliyoidhinishwa na wizara ya mambo ya ndani inaruhusiwa kumpa mwanachama bunduki ya klabu bila yeye kuwa na cheti chake, mradi anaitumia kwenye shughuli za klabu. Wewe uanachama wako ulishakufa, kwa hiyo utaanza upya kipindi cha majaribio, si chini ya miezi mitatu. Ukitaka cheti chako mwenyewe, hapo ndipo kuna fomu, wadhamini wawili, taarifa kutoka kwa daktari wako, na polisi kuja kukagua kabati la chuma la kufungia bunduki na nyumba yenyewe. Sasa fikiria polisi amekaa kwenye sofa, anamuuliza mkeo "na wewe unaonaje?" Usifike huko. Huku Scotland ni kali zaidi, tangu mwisho wa 2016 hata bunduki ya upepo inataka cheti.

Pili, na hili ndilo linaniuma. Risasi za .22 ni risasi kwelikweli. Kiswahili kimetuonya mapema, silaha na madini yale ya sumu (lead) tumevipa jina moja. Vumbi lake linabaki mikononi, kwenye nywele, kwenye nguo, hasa renji za ndani. Una watoto wa umri gani? Kwa mtoto mdogo sumu ile inaharibu ubongo unaokua, na kiwango kidogo tu kinatosha. Unanawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujatoka renji, huli kitu mle ndani, unavua nguo zile kabla hujambeba mtoto, na unazifua peke yake. Hilo ganda lilikuwa limefuliwa na nini?

Tatu: gym.

Baba Zawadi

Zawadi ana saba, mdogo wake ana tatu.

Lilifuliwa na shuka ya kitanda cha mdogo.

Gym, shangazi, lilikuwa neno la haraka tu. Ningemwambia nini? Nilijua atakataa.

Shangazi wa Glasgow

Neno la haraka kwa wiki ngapi?

Baba Zawadi

Nane.

Wa Kiambu (Nairobi)

Uuuwi.

Mlenga Kimya (Mombasa)

Jaribu bunduki ya upepo ya mita 10, haina mlipuko. Kidoti cha pointi kumi ni nusu milimita, ukubwa wa nukta ya mwisho wa sentensi, utatafuta mia yako mpaka uzeeke. Au leza kabisa: wenzetu wa pentathlon (mashindano ya michezo mitano) kwenye Olimpiki ya London 2012 walitumia bastola za leza, hakuna risasi hata moja.

Baba Zawadi

Leza nashukuru, lakini ni kama kula ugali kwa kuangalia picha. Ya upepo nitaifikiria. Ila nayo vidonge vyake vingi ni risasi vilevile, na ile kacha aliyosema Mama Furaha ipo.

Kuruta wa Zamani (Morogoro)

Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Nilikuwa sijaona hiyo ya wiki nane. Mimi marehemu mama watoto ningemwambia gym angenifuata huko na taulo.

Baba Zawadi (baada ya siku kumi na moja)

Narudi kama nilivyoahidi kwa wale mlioniandikia pembeni.

Jumamosi watoto walikuwa kwa jirani, yeye anachambua sombe (mimi naita kisamvu, huo nao ni ugomvi wa tangu 2017). Nikakaa naye, nikachambua na mimi. Nikamuuliza kama Mama Furaha alivyosema: ulisikia nini chini ya kitanda? Kisha nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo. Alizungumza mpaka beseni likajaa. Hayo sitayaandika humu. Niseme tu kwamba haikuwa kelele, wala haikuwa ile kacha. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima kuhusu vikinga masikio, sikuifungua.

Baadaye tukafika kwenye gym. Wakuu, mimi nilikuwa nimesahau nilichosema, yeye hakusahau hata herufi. Kumbe sikuishia kusema naenda gym. Nilisema mgongo unauma kwa sababu ya vyuma. Nilisema kuna Mnigeria mmoja pale ananifundisha. Nilisema nimepungua kilo mbili, na yeye akanipongeza, akanipikia samaki badala ya nyama wiki ile ili nisirudishe kilo. Hapo ndipo alipolia. Bukavu yote alisimulia macho makavu, akaja kulia kwenye samaki.

Sikuwa na la kujitetea. Nikamwambia yule Mnigeria hayupo. Akasema, "Najua. Wewe hauwezi kufundishwa na mutu." Tukacheka kidogo, kicheko kile cha pua.

Nikamweleza mambo ya bunduki kubaki klabu, akayarudia mara mbili kuhakikisha. Nikamweleza na habari ya risasi na watoto, maana niliona nikificha na hiyo nimekwisha. Akaondoka mezani, akavua shuka zote za kitanda cha mdogo, akazirudisha kwenye mashine. Jumatatu tumempeleka mtoto akapimwe damu. Majibu bado.

Ruhusa sijapewa. Nimepewa masharti, na masharti si ruhusa, kanikumbusha. Koti lisivuke mlango, likae kwenye gari ndani ya mfuko uliofungwa. Nioge kabla ya kumgusa mtu. Zawadi asiambiwe mpaka mama yake aone wakati umefika. Na neno "gym" lisitamkwe tena nyumba ile hata kama nitakwenda kwelikweli. Kuhusu kwenda kwenyewe amesema, "Tutaona kisha Pasaka." Yule mzee wa klabu nimemwambia atafute mtu mwingine msimu huu. Alinuna kwenye simu, kisha akaniuliza mtoto anaendeleaje.

Jana usiku nimemkuta ameifungua Biblia yangu kwenye Zaburi, ameishika ile kadi karibu na taa. Akauliza hiyo moja iliyokosa ilienda wapi. Nikamwonyesha: kidoti cha saba, tundu limegusa mstari upande wa kulia. Akaipitishia ukucha. Akasema, "Ilikuwa karibu," akairudisha palepale, akazima taa.

Kuruta wa Zamani (Morogoro)

Kidoti cha saba hapo pumzi ilikuishia, mkuu. Tujulishe majibu ya mtoto.