Msaidizi wa akili mnemba kwa mwanafunzi mwenye ADHD: nimekosea wapi?

Mwanafunzi, Tunguu

Asalaam alaikum. Ninasomea kompyuta mwaka wa tatu, na kwa mradi wa kuhitimu ninatengeneza programu ya simu yenye akili mnemba ya kuwasaidia wanafunzi wenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomtaabisha mtu kuuelekeza umakini wake, kuzuia pupa na, kwa baadhi, kutulia mahali pamoja. Nimeichagua kwa sababu mdogo wangu anayo. Skuli aliitwa mvivu kwa miaka, ilhali mimi ninayelala naye chumba kimoja nilikuwa nikimwona amekaa mbele ya daftari tangu baada ya Isha mpaka usiku wa manane, anataka kuanza na hawezi.

Katika toleo la kwanza yeye huandika kazi zake zote, programu huzipanga kwa muda, kisha humkumbusha. Alilitumia siku nne. Siku ya tano alikuta kazi 23 zilizopitwa na muda, zote kwa maandishi mekundu, akaifuta. Naomba ushauri: kasoro iko katika mpangilio, au katika wazo lenyewe?

Mwalimu wa ushauri nasaha, Chake Chake

Waalaikumu salaam, mwanangu. Wazo ni jema, lakini chombo ulichomjengea kinamdai kitu kile kile alichopungukiwa. Kuorodhesha kazi, kukisia kila moja itachukua muda gani na kurudi kila siku kuzitazama ni shughuli za upangaji, na hapo ndipo ADHD inapombana. Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: mtu huyu hakosi kujua la kufanya, bali hushindwa kulitenda alijualo kwa wakati wake. Mtihani wa wiki ijayo kwake uko mbali kama wa mwakani, mpaka usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Kwa hiyo orodha ibebwe na programu, yeye aoneshwe hatua moja tu, tena ndogo kiasi cha kutomtisha. Usimwandikie «Soma sura ya nne ya Biolojia». Mwandikie «Fungua daftari, uandike tarehe ya leo». Akishaandika ndipo ije ya pili. Kazi iliyompita ipangwe upya kimyakimya, kwani rangi nyekundu humrudishia yale maneno aliyoambiwa darasani.

Nakuomba pia programu isijifanye daktari. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao wataalamu wa afya ya akili wa Marekani huutumia kutambua hali kama hii, unataka dalili kadhaa ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kama vile nyumbani na skuli. Mtoto asiyelala vya kutosha naye huzubaa darasani.

Mtengenezaji wa programu, Mji Mkongwe

Naongeza la saa, kwa sababu limenigharimu. Mwanafunzi akiandika «nikumbushe saa mbili usiku», modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe inayosoma maneno yake, ikiwa imefunzwa zaidi kwa Kiingereza huweza kuielewa kuwa 2:00 badala ya 20:00, na ukumbusho ukalia saa nane usiku, nyumba nzima imelala. Usiiachie modeli hesabu hiyo. Iandikie kanuni yako ya tofauti ya saa sita, kisha programu imsomee mtumiaji ilivyoelewa kabla ya kuhifadhi. Bora zaidi, funga ratiba kwenye sala: «baada ya Alasiri» ni wakati ambao mtoto wa hapa anausikia kwa masikio yake, hata simu ikiwa imezimika. Ukumbusho wenyewe ukae ndani ya simu ili ufanye kazi bila bando. Modeli iitwe pale tu kazi inapohitaji kukatwa vipande.

Mama wa watoto wanne, Wete

Kijana wangu ana hali hiyo hiyo. Kilichomsaidia ni kuwa na mtu karibu. Msimu wa karafuu, usiku tunapokaa kuchambua, nilimweka kando yangu na daftari lake, na kwa mara ya kwanza alimaliza hesabu zake zote bila kunyanyuka. Je, programu yako inaweza kumkalia mtoto namna hiyo? Na jina lake na hali yake vitahifadhiwa wapi? Visiwa vyetu ni vidogo, nami sitaki habari zake zimtangulie kila aendako.

Mwanafunzi, Tunguu

Shikamoo, Mama, na ahsanteni nyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, hivyo zitabaki ndani ya simu yake, na modeli itapelekewa maneno ya kazi tu, bila jina. Orodha nimekwisha kuiondoa. Hilo la kumkalia ndilo ninalotaka kulijenga sasa, ila sijajua msaidizi afanye nini mtoto akizubaa. Ulikuwa ukimsemesha?

Mama wa watoto wanne, Wete

Marahaba, mwanangu. Sikumsemesha, maana nikimsemesha hunijibu, na akishanijibu basi amekwisha kuacha. Nilikuwa nikilivuta pakacha karibu yake kidogo, naye akisikia ule mchakacho hurudi mwenyewe kwenye daftari.