Baba ametoka ICU, miguu haimbebi: mazoezi ya nyumbani tuanzie wapi?

BintiMajengo
Assalaam aleikum jamani. Babangu ana miaka 68. Alilazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa nimonia kali, akawekwa mashine ya kupumulia. Alhamdulillah yuko nyumbani sasa, lakini mapaja yamenywea, kijiko kinamtetemeka mkononi, na kuinuka kitini ni mpaka watu wawili wamshike makwapa. Tunakaa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba na kali, kumteremsha ni shughuli.

Nyumbani hatuelewani. Kaka zangu wasema aachwe alale mpaka apate nguvu, ndipo atembee. Shangazi ataka kumleta mkandaji na mafuta ya ufuta, kwa sababu mguu wa kushoto umevimba. Mimi naona kila siku anazidi kulegea. Na pesa ya kumleta mtaalamu kila siku hatuna. Tufanyeje?

TabibuWaViungo
Wa aleikum salaam binti yangu, poleni. Kabla ya lolote: huo mguu usikandwe. Mtu aliyelala muda mrefu damu yaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na bonge hilo likichomoka huenda likaziba mapafu. Mpelekeni leo apimwe mishipa kwa altrasaundi, hata ikibidi vijana wamteremshe juu ya kiti. Akibanwa kifua au akianza kuhema ghafla, msingoje kupambazuke. Mengine tutaongea mkirudi.

BintiMajengo
Shukran sana. Tumekwenda, hamna damu iliyoganda. Daktari asema ni kukaa kutwa miguu ikining'inia. Mazoezi ameruhusu.

TabibuWaViungo
Alhamdulillah. Sasa tuje kwa kaka zako. Wanamhurumia mzee wao, nawaelewa, lakini kitandani ndiko nyama za mapaja zilikoishia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 uliwapima wagonjwa wa ICU, ukakuta msuli wa mbele ya paja umepungua karibu asilimia 18 kwa siku 10 tu. Kulala hakuurudishi. Huurudisha kubeba uzito wa mwili wake mwenyewe, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Fungeni ratiba na adhana, hapo hakuna atakayesahau. Kila adhana akalishwe kwenye kiti kigumu chenye mikono, kimeegemezwa ukutani, maana vile vya plastiki huteleza. Kikiwa kifupi, kunjeni mablanketi mkipandishe. Nyayo azivute nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha ainuke. Msimvute makwapa tena, nawaomba sana, bega lililolegea huumia upesi. Mfungeni kikoi madhubuti kiunoni, mmoja asimame ubavuni akishikilie. Anapoinuka atoe pumzi taratibu, midomo ameibana kama apulizaye chai ya moto. Mara tatu zilizo safi zatosha kwa kuanzia. Akishindwa kusema sentensi fupi bila kukatika pumzi, amezidisha, akae. Kama mna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, daktari awape namba ambayo ikishuka hapo mnaacha.

Kati ya sala na sala alale, miguu juu ya mito, akipandisha na kushusha nyayo. Hilo ndilo litakalotoa uvimbe.

Ngazi bado. Akiweza kuinuka mara tano mfululizo bila kushikwa, ndipo. Mguu wenye nguvu utangulie kupanda, ulio dhaifu utangulie kushuka, na wewe uwe upande wa chini yake daima.

Mtaalamu si lazima kila siku. Aje mara moja kwa wiki, awafundishe, apandishe kiwango, siku nyingine kazi ni yenu. Mwulizeni cheti cha usajili: sheria ya Kenya ya 2014 inataka kila mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, asajiliwe na baraza lao. Na chakula kiwe cha kujenga msuli: mayai, samaki, kunde, dengu. Uji mtupu hautoshi.

MkeWaBaharia
Nami naongeza kutoka Likoni. Mume wangu alipotoka ICU alikuwa akiamka usiku akipiga kelele, ati amefungwa ndani ya meli. Jamaa wakasema jini. Daktari akatueleza ni ule ugonjwa na dawa za usingizi, huwatokea wengi, na vitisho hivyo hubaki kichwani. Nikawa namsimulia mchana, polepole, yaliyompata huko wodini, nani alimtembelea, kwa nini mikono ilifungwa. Ndipo akaanza kulala. Babako akiona mambo usiku, msimnyamazishe.

Na koo pia. Ule mpira wa kupumulia huliacha dhaifu. Akikohoa kila anywapo maji, mwambieni daktari, yasije yakaingia mapafuni. Anywe amekaa wima.

BintiMajengo
Mungu awalipe. Nimemsomea baba yote, na kaka wawili walikuwepo wakisikiliza. Leo ameinuka mara mbili kwa kikoi. Nilipomuuliza anatamani nini zaidi, nilidhani atasema msikitini. Asema anataka kushuka barazani baada ya alasiri, anywe kahawa na wenzake.

TabibuWaViungo
Maashallah. Basi hilo ndilo lengo, liandikeni. Ila baraza ni fupi na haina pa kushika mikono, kuinuka hapo ni kugumu kuliko kitini. Teremka na futi ukalipime. Kisha, kila akizoea, toeni blanketi moja kitini mpaka kimo kilingane na cha baraza. Halafu azoee kuinuka mikono ikiwa mapajani. Na ngazi, akishafikisha zile mara tano bila kushikwa: siku ya kwanza ashuke mpaka kituo cha kwanza tu, mumwekee kiti hapo, apumzike, arudi juu.